Mganga na Meza ya Hesabu

Kuna neno linalosemwa sana katika mikutano ya hospitali zetu, na mara nyingi lasemwa kwa adabu, tena mbele ya Padri mkuu: "Mganga atazame wagonjwa, mambo ya hospitali tuachieni sisi." Wenye kusema hivyo hufikiri kwamba wanamheshimu mganga. Wanamtua mzigo wa feza, wa majengo, wa mazuti, wa kubishana na wauza dawa, ili apate nafasi ya kupima na kupasua. Na mganga mwenyewe hufurahi mara nyingi. Akubali kwa kichwa, avaa koti lake jeupe, arudi kwenye vitanda.

Sisi twasema kwamba neno hilo limekwisha kuua watu, na litazidi kuwaua tusipolikataa.

Tueleze kwanza habari ya nyumba zenyewe. Nchi yetu ya Kongo imegawanywa katika zoni za afya 519, na kila zoni yapaswa kuwa na hospitali kubwa moja, ambayo vituo vidogo huipelekea wagonjwa waliowashinda. Nyingi katika hospitali hizo ni za Kanisa, au serikali imeziacha mikononi mwa Kanisa kwa mapatano, na majimbo yetu yana ofisi ya mambo ya uganga, ile iitwayo BDOM. Ndani ya hospitali ya namna hiyo kuna kazi nne kubwa: uzazi, watoto, upasuaji na magonjwa ya ndani. Kila moja ya kazi hizo ni kama shamba: ina majira yake, watu wake, vyombo vyake na hasara zake. Swali letu ni hili: ni nani anayelipanga shamba hilo na kulisimamia? Ni yule anayelilima, au ni yule anayeshika ufunguo wa ghala?

Kwenye karatasi jibu ni jema. Kanuni za wizara zaweka kamati ya uongozi katika hospitali, mganga mkurugenzi akiwa kichwa chake, na pamoja naye mganga mkuu wa waganga wenzake, msimamizi wa mali, na mkuu wa wauguzi. Haya, karatasi tumeisoma. Lakini ingieni ndani mtazame. Mganga mkurugenzi ameitwa mjini kwa semina, juma la pili sasa. Mganga wa uzazi na mganga wa watoto hawakuitwa katika mkutano hata mara moja tangu mwaka uanze. Bajeti imeandikwa na mtu mmoja usiku, akinakili ile ya mwaka uliopita na kuongeza kidogo hapa na pale, kisha imeletwa asubuhi kutiwa sahihi, na mganga ametia sahihi akiwa amesimama, glovu bado mkononi. Hivyo ndivyo kanuni hutimizwa na hospitali hupotea.

Mtauliza: "Hasara iko wapi? Hesabu ni hesabu." Tutoe mfano mmoja mdogo, mdogo kama chupa ya dawa ya sindano.

Kutoka damu ndiko kunakoua akina mama wazazi kuliko sababu nyingine yoyote duniani. Mtoto amezaliwa, watu wamekwisha kupiga vigelegele, na tumbo la uzazi halikazi. Damu yatoka kama maji ya mfereji, na katika muda wa saa mbili, pengine chini ya hapo, mama amekufa. Dawa ya kwanza ya hatari hiyo ni oksitosini, ambayo hulikaza tumbo la uzazi. Bei yake si kubwa. Wauguzi wote wa uzazi waijua. Lakini dawa hiyo ina tabia yake: yataka kukaa katika baridi, kati ya digrii 2 na 8. Ikikaa katika joto, nguvu yake hupungua siku kwa siku, wala haibadili rangi, wala haitoi harufu. Chupa ni ileile, maandishi ni yaleyale.

Sasa mwenye kushika mali aona firiji ya chumba cha uzazi, aona jinsi mashini ya umeme inavyokula mazuti usiku, naye aamua kwa nia njema kwamba mashini izimwe tangu saa nne ya usiku mpaka alfajiri. Mwisho wa mwezi aonyesha faida. Halmashauri yamsifu. Katika daftari la ghala imeandikwa kwamba oksitosini ipo, chupa mia mbili, na ni kweli ipo. Baada ya miezi michache mama atokwa damu, achomwa sindano, achomwa ya pili, na damu haikomi. Watu wa ukoo wataja ulozi. Muuguzi alaumiwa. Hakuna hata mmoja atakayeandika katika daftari kwamba mama yule aliuawa na mazuti yaliyowekwa akiba. Mtu pekee ambaye angeweza kusema mbele ya meza, "Zimeni taa ya ofisi, zimeni taa ya duka la dawa, lakini firiji hiyo msiiguse," alikuwa chumbani mwake akipima wagonjwa, kama alivyoambiwa.

Bei nazo ni hivyohivyo. Msimamizi asiyejua ugonjwa hupanga bei kama mwenye duka: glovu bei yake, uzi bei yake, maji ya mshipa bei yake, na kila kitu hulipwa kabla hakijatoka ghalani. Katika duka la sukari hakuna ubaya. Lakini mwanamke aliyeletwa kwa pikipiki usiku, mtoto amekwama, apaswa kupasuliwa upesi, naye mume wake yuko dirishani na karatasi ya vitu kumi na viwili, akitafuta simu ya shemeji yake. Mganga ajua maana ya nusu saa. Karani wa dirisha hajui, wala si kosa lake, maana hakuna aliyemfundisha. Ndiyo sababu zoni kadha za nchi hii zilijaribu tangu zamani bei moja kwa ugonjwa mzima, hata mgonjwa ajue tangu mwanzo atalipa kiasi gani, na kazi ianze. Tena kuna jambo ambalo Wakristu tungepaswa kuona haya kulisikia: akina mama waliokwisha kupona, nao hushikwa hospitalini majuma na miezi pamoja na watoto wao wachanga, kwa sababu ya deni. Kitanda kimejaa mtu mzima asiyeumwa, na mgonjwa mpya alala chini sakafuni. Ikiwa mtu ataka kufanya hesabu ya feza tu, bila huruma yoyote, na aifanye: ataona kwamba hata hesabu hiyo yamkataa.

Wako watakaosema kwamba tunaota mambo ya Ulaya. Basi tutazame Kasongo, pale Maniema, ambapo watu husema Kiswahili kama sisi. Tangu mwaka 1971 waganga wa chuo cha magonjwa ya nchi za joto cha Antwerp, kule Ubelgiji, walifanya kazi pale pamoja na Wakongo. Hawakujifungia katika chumba cha upasuaji. Walikwenda kwenye vituo vya vijijini, walikaa na wauguzi, wakaandika pamoja nao njia ya kutunza kila ugonjwa hatua kwa hatua. Na walishika madaftari kwa bidii ya mhasibu. Mwaka 1984 walitangaza jambo ambalo liliwashangaza wakuu wengi wa uganga. Desturi ya siku hizo ilikuwa kuwachagua wajawazito mapema: huyu ni mfupi, huyu alizaa kwa shida zamani, basi hao ndio wa hatari, wapelekwe hospitalini, wengine wazalie kijijini kwa amani. Madaftari ya Kasongo yakasema vingine. Katika kila wanawake 100 ambao mtoto aliwakwama, 71 hawakuwa wametiwa katika orodha ya hatari. Na katika kila 100 waliotiwa katika orodha hiyo, 90 hawakupata shida ile.

Tafakarini uzito wa hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba kuchagua peke yake hakutoshi. Kwamba mwanamke yeyote, hata yule mwenye afya ya kupendeza, aweza kuhitaji kisu usiku wa leo. Na kwa hiyo feza za zoni zapaswa kwenda katika njia ya kumfikisha hospitalini, katika mtu wa kituo anayejua saa ya kumtuma, na katika chumba cha upasuaji kisichofungwa siku ya Dominika. Huo ni uamuzi wa mali, ni uamuzi wa kuajiri watu na kununua pikipiki. Lakini ni nani angeuona? Mhasibu peke yake angeziona tarakimu asielewe maana yake. Mganga asiyeshika daftari angeelewa maana, lakini tarakimu hangekuwa nazo. Kasongo waliona kwa sababu macho ya namna mbili yalikuwa katika kichwa kimoja.

Desturi hii ya kumtenga mganga na uongozi ilitoka wapi? Wengine hudhani ni hila ya watu wapenda feza. Kwa sehemu tu. Zamani za Wabelgiji mganga Mzungu alikuwa kila kitu: alipasua, aliamuru, aliadhibu, alihesabu. Vijana wetu, hata waliosoma vizuri kama wale wa Kisantu, waliishia kuwa wasaidizi wa waganga. Uhuru ulipofika mwaka 1960, wasaidizi hao walikuwa zaidi ya mia, lakini waganga Wakongo waliotoka chuo kikuu hawakuwapo. Wazungu wengi wakaondoka katika majuma machache. Shirika la Afya Ulimwenguni likaleta waganga wa nchi nyingine, na likawapeleka makumi ya wasaidizi wetu Ufaransa wamalize masomo. Katika pengo hilo ni nani waliozibeba hospitali za misioni? Ni masista, ni wauguzi, ni Wafrere, na makarani waliojua kuandika vizuri. Walinunua dawa, walilipa watu, walifukuza wezi, na usiku walizalisha. Hatutaki mtu yeyote awadharau. Lakini kilichoanza kwa shida kikawa desturi, na desturi ikawa haki. Leo vyuo vikuu vyetu vyatoa waganga kila mwaka, na kijana mganga afikapo hospitalini akuta viti vyote vya mezani vimekwisha kukaliwa.

Tuna mfano mwingine, wa karibu zaidi na wa uchungu zaidi, nao ni Panzi, huko Bukavu. Hospitali hiyo si yetu. Ni ya ndugu zetu Waprotestanti wa CEPAC. Jambo jema halina haja ya kuonyesha cheti cha ubatizo. Mganga Denis Mukwege, mzaliwa wa Bukavu mwaka 1955, alikuwa hospitali ya Lemera, akaona jinsi wanawake walivyofika wamechelewa, wakafa katika kuzaa. Akaenda Angers, Ufaransa, kujifunza uganga wa wanawake, akarudi Lemera kujenga kazi ya uzazi. Tarehe 6 Oktoba 1996 watu wenye silaha waliingia Lemera, wakaua wagonjwa vitandani mwao na wauguzi pamoja nao. Akaanza tena Bukavu, katika hema, na chumba cha upasuaji ndani yake. Vita vya mwaka 1998 vikaziharibu hema. Mwaka 1999 akaanza mara ya tatu, pale Panzi, na nia yake ilikuwa ileile: akina mama wasife katika kuzaa.

Lakini mgonjwa wa kwanza hakuwa mzazi. Alikuwa mwanamke aliyenajisiwa kwa nguvu, aliyeharibiwa na silaha katika sehemu zake za siri. Wakafuata wengine, na wengine, hata walipohesabiwa baada ya miaka wakawa makumi ya maelfu. Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji wetu watulie kidogo. Kama kazi ya hospitali ile ingekuwa imepangwa na ofisi ya mbali, karatasi ingesema "uzazi", feza zingekuwa za uzazi, na wanawake hao wangeshonwa na kurudishwa njiani. Waliosimama penye meza ya upasuaji ndio walioona kwamba kushona hakutoshi. Mwanamke aliyeshonwa alirudi kijijini, akakataliwa na mume, akalala njaa. Mwingine alikuwa haongei tena. Mwingine alimjua aliyemtenda, naye alikutana naye sokoni. Basi kazi yenyewe ikapanuliwa hata ikawa na nguzo nne: uganga wa mwili, matunzo ya roho iliyojeruhiwa, msaada wa sheria, na msaada wa kupata riziki. Hayo yalihitaji wanasheria, walezi, vyumba, wafazili, vitabu vya hesabu. Mganga hakuyafanya yote kwa mkono wake, maana angekufa kwa uchovu. Ila alikuwa mezani yalipopangwa, akijua anadai nini na kwa nini. Tarehe 25 Oktoba 2012 walitaka kumwua nyumbani kwake. Mwaka 2018 alipewa tuzo la Nobel la amani pamoja na Nadia Murad wa Iraki. Watu walishangilia tuzo. Sisi twataka pia washangilie ile mipango ya kazi, isiyopigwa picha.

Sasa tuwajibu wapinzani, maana wengine ni marafiki zetu, tena maneno yao si ya upuuzi.

Wa kwanza asema: "Mganga hakujifunza feza." Ni kweli. Lakini msimamizi naye hakujifunza ugonjwa, na hatujasikia mtu akimfukuza mezani kwa sababu hiyo. Hatusemi mganga ashike ufunguo wa sanduku. Mungu apishe mbali! Twasema wakae wawili, au watatu pamoja na mkuu wa wauguzi, kwa kila kazi ya hospitali, na pasiwe na uamuzi juu ya uzazi bila mganga wa uzazi, wala juu ya watoto bila mganga wa watoto. Mmoja ajue bei, mwingine ajue thamani.

Jambo hilo si geni katika Kanisa. Mwaka 1883 tufani kali iliuvunja mji wa Rochester, katika Minnesota, Marekani. Masista Wafransisko walikuwa walimu tu, lakini waliwapokea majeruhi, na mama yao mkuu, Mama Alfred Moes, akamwendea mganga William Worrall Mayo, akamwambia kwamba watajenga hospitali ikiwa yeye atakubali kuitumikia. Mzee yule alisitasita. Mji ulikuwa mdogo, na hospitali siku zile ilikuwa mahali pa kufia. Sista hakukoma. Hospitali ya Mtakatifu Maria ikafunguliwa mwaka 1889. Masista walishika nyumba, mzee Mayo na wanawe wawili walishika uganga, na hakuna aliyemwambia mwenzake akae mbali. Sista Joseph Dempsey, aliyeiongoza hospitali tangu mwaka 1892 mpaka alipofariki mwaka 1939, alikuwa pia msaidizi wa mganga William, mwana wa yule mzee, katika upasuaji, na jicho lake lilikuwa kali hata dalili moja ya ugonjwa wa kansa ikapewa jina lake katika vitabu vya uganga. Mpaka leo, katika nyumba iliyotokana na kazi hiyo, mganga na msimamizi huongoza wawili wawili.

Na mahali ambapo hawakai pamoja huwaje? Msidhani ni shida ya nchi maskini. Katika mji wa Stafford, Uingereza, kati ya mwaka 2005 na 2009, wakuu wa hospitali walitaka sana kupandishwa cheo ambacho hupewa hospitali yenye hesabu safi ya feza. Wakapunguza wafanyakazi. Uchunguzi wa mwaka 2009 ulikuta kwamba, mlangoni pa wagonjwa wa haraka, makarani wa mapokezi wasiojifunza uganga ndio waliowatazama wagonjwa kwanza. Mwanasheria Robert Francis alipomaliza uchunguzi wake mkubwa, mwaka 2013, hakuwalaumu wakuu wa ofisi peke yao. Aliandika pia juu ya waganga waliojitenga na uongozi, waliojua kwamba mambo si mazuri wakaendelea na kazi zao. Feza walikuwa nazo, mashini walikuwa nazo, umeme hauzimiki. Walikosa sauti ya mganga mezani.

Mpinzani wa pili asema kwa sauti ya chini, akitazama huku na huku: "Mkimpa mganga madaraka, atakula." Huyu twamheshimu, kwa sababu ameona. Sisi pia tumeona. Yuko mganga mwenye kliniki yake nyuma ya soko. Asubuhi hospitalini asema dawa zimekwisha, jioni kwake zinapatikana. Yuko anayewaacha wagonjwa kwa ajili ya shirika la kigeni linalolipa dola. Yuko anayekaa katika kiti cha mkurugenzi kwa ajili ya gari. Lakini angalieni: huyo anakula sasa hivi, wakati hayuko mezani. Kumfukuza mezani hakukumzuia. Kumempa kificho tu, maana hakuna anayemwuliza hesabu ya kazi yake. Mganga wa watoto akipaswa kusimama mbele ya kamati kila miezi mitatu na kusema, "Waliingia wangapi, walikufa wangapi, kwa nini, na damu ilikosekana siku ngapi," hana pa kuificha kliniki yake. Anayepanga kazi huulizwa habari za kazi. Hivi leo tunawauliza wahasibu habari za vifo, na waganga hatuwaulizi chochote.

Kwa hiyo maneno yetu magumu kuliko yote ni kwa waganga wenyewe, hasa walio Wakatolika. Mnasema: "Mimi ni mganga, si karani." Ninyi mnajua habari ya yule Msamaria mwema, mmeisikia tangu katekisimu. Alimwosha mtu vidonda kwa mafuta na divai, akamfunga, akampandisha juu ya mnyama wake. Je, aliishia hapo? Alimfikisha katika nyumba ya wageni, akakaa naye usiku, asubuhi akatoa dinari mbili, akapatana na mwenye nyumba juu ya matunzo ya siku zijazo, akaahidi kurudi kutimiza hesabu. Mkono uliofunga kidonda ndio uliohesabu feza. Hakumwambia mwenye nyumba, "Mambo ya malipo yaangalie wewe, mimi ni mtu wa vidonda." Mkutano wa bajeti wachosha, twajua. Wauza dawa ni wagumu, msimamizi ana maneno mengi, na hakuna mgonjwa atakayewashukuru kwa sababu mlipigania firiji. Lakini mkiuacha mkutano, msije mkalia juu ya kaburi.

Nao mapadri, na wenye kukaa katika kamati za afya za parokia, na ninyi mnaotoa sadaka, hamjaponyoka. Tunapenda sana majengo. Jengo huonekana, hubarikiwa, hupigwa picha pamoja na Askofu. Tunaijua hospitali moja iliyopokea kutoka ng'ambo mashini nzuri ya kupiga picha za mifupa. Wafazili walimwandikia Padri, Padri akajibu kwa furaha, kwaya ikaimba. Mganga aliisikia habari siku ilipofika. Mashini ilitaka umeme mara tatu ya ule uliokuwapo. Iko bado katika sanduku lake la mbao, na kuku hutagia juu yake. Kitu ambacho mganga wa mahali pale alikuwa akikiomba muda wote huo ni mashini ndogo ya kutoa oksijeni kwa watoto wenye kichomi. Hakuna aliyemwuliza, wala yeye hakupiga kelele. Tukiulizwa ni nani mwenye kosa zaidi, hatuwezi kuamua.

Twaona kwamba wakati umekuwa mfupi. Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilianza Kinshasa mpango wa akina mama kujifungua bila kulipa, nao mpango ukapelekwa katika mikoa mingine. Ni jambo la kushukuru. Lakini hospitali zapaswa kurudishiwa feza kwa kazi zilizofanya: kuzalisha, kupasua, kutunza mtoto mchanga. Anayeandika vibaya hulipwa vibaya, na asipolipwa huanza tena kuwatoza akina mama kwa mlango wa nyuma, glovu kwa glovu. Orodha ya namna hiyo yahitaji mtu anayejua tofauti ya uzazi wa kawaida na uzazi uliokaribia kuua, na kwa nini mtoto fulani alikaa siku kumi badala ya mbili. Hospitali moja tuliyopita iliupokea mpango huo. Karatasi hizo zilijazwa na kijana wa mapokezi, mwenye mwandiko mzuri sana, ambaye kila jioni huinamisha kichwa dirishani pa chumba cha uzazi na kuuliza: "Leo mmepasua wangapi?"